Kwa mnaoanza utafiti wa endometriosisi: saba ya nini?

Katika utafiti wa endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu kama za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake, kitu cha kwanza mtakachokabidhiwa ni kile kipimo cha sifuri hadi kumi: sifuri ni kutokuwa na maumivu, kumi ni makali yasiyo na mfano. Kipimo hiki hakina ubaya, na kipimo cha damu cha kushika nafasi yake hakipo. Ila 7 iliyoandikwa peke yake kwenye fomu haina kazi.

Saba ya nini? Maumivu ya hedhi, ya tendo la ndoa, ya haja kubwa na ya chini ya kitovu siku zisizo za hedhi yaulizwe kila moja kivyake. Na ya lini? Ukimtaka mtu akumbuke mwezi mzima, atakupa siku iliyomtesa zaidi au ya jana, kwa hiyo ni heri ajaze kila siku. Dawa alizomeza nazo ziandikwe. Katika majaribio ya elagolix, dawa ya maumivu ya endometriosisi, yaliyochapishwa 2017, kupungua kwa maumivu hakukutosha kumhesabu mgonjwa kuwa amepata nafuu. Ilibidi pia awe hajaongeza dawa za kutuliza. Igeni hapo.

Swali la tendo la ndoa ndilo huharibu data kuliko yote. Anayeepuka tendo lenyewe kwa kuogopa maumivu atajaza sifuri, nanyi mtamhesabu mzima. Wekeni jibu la “naepuka kwa sababu inauma”. Na mama mkwe asubiri nje, tafadhali.

Madaraja ya I hadi IV yanayotolewa kwenye upasuaji hueleza kilichoonekana tumboni, hayaelezi maumivu. Wa daraja la I anaweza kuwa anagaagaa sakafuni kila mwezi, wa IV akawa amekuja kwa kukosa mtoto tu.

Kuhusu utambuzi, mwongozo wa 2022 wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, uliiondoa laparoskopia (upasuaji wa kuchungulia tumboni kwa kamera) kwenye kiti cha kipimo kikuu. Ultrasaundi na MRI hutangulia. Lakini picha safi haimaanishi hana ugonjwa, maana vidonda vya juujuu mara nyingi havionekani. Basi kwa kila mshiriki andikeni alivyotambuliwa: kwa macho ya mpasuaji, kwa kinyama kilichopimwa maabara, kwa picha, au kwa dalili tu. Fomu za EPHect, mradi wa kimataifa wa kusawazisha ukusanyaji wa data za endometriosisi, zilizotoka 2014, zina nafasi ya hayo na hazilipiwi. Sioni sababu ya kubuni zenu.

Wanawake wa kundi la kulinganisha waulizwe maswali yaleyale ya maumivu. Asiyewahi kuchunguzwa msimwandike “hana”, mwandikeni “hajachunguzwa”.