Ukienda Chawton, usipite haraka kwenye ile meza ya Jane Austen

Wasomaji wengi wa Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, wakifika Uingereza hukimbilia mji wa Bath. Kama una siku moja tu, mimi nakushauri uende Chawton, kijiji kidogo cha Hampshire. Bath aliishi miaka michache na hakuandika mengi. Kazi ameifanyia Chawton.

Alihamia hapo Julai 1809 pamoja na mama yake, dada yake Cassandra na rafiki yao Martha Lloyd. Baba alishafariki mwaka 1805, na tangu hapo wanawake hao walihamahama bila makao ya kudumu, hadi Edward, kaka aliyerithi mali ya jamaa tajiri, alipowapa nyumba ya Chawton, ambayo leo ni makumbusho. Ingia ukiwa na habari hiyo kichwani. Riwaya zake zimejaa wanawake wanaohofia kukosa pa kuishi, na hofu hiyo yeye aliionja.

Chumba cha kulia kina meza yake ya kuandikia. Ina pande 12, na ni ndogo kiasi kwamba sahani mbili zingeijaza. Wageni huitazama kidogo na kwenda zao. Wewe kaa hapo. Akiwa katika nyumba hii alisahihisha na kuchapisha Sense and Sensibility (1811) na Pride and Prejudice (1813), kisha akaandika Mansfield Park, Emma na Persuasion. Mpwa wake alisimulia kwamba kulikuwa na mlango uliolia kila ukifunguliwa, na Jane akakataa usitengenezwe, maana ulimjulisha mtu anakuja, naye akawahi kuficha karatasi.

Halafu nenda jikoni, tena usiwe na haraka. Jane alikuwa na zamu ya kifungua kinywa na kutunza chai na sukari. Shughuli nyingine nyingi za nyumba ziliwaangukia Cassandra na Martha. Sisi tuliokulia katika nyumba zenye watu wengi tunajua: mtu hapati asubuhi nzima ya kukaa na kalamu mpaka mwenzake ambebee kazi. Naamini kabisa kwamba bila wanawake hao wawili tusingekuwa na vitabu hivi.

Treni hutoka Waterloo, London, hadi Alton. Kutoka hapo kwa miguu ni nusu saa na ushei. Kuwa makini na tiketi: Chawton House lilikuwa jumba la Edward, na lina kiingilio chake. Muda ukiwa mfupi, chagua nyumba ya Jane. Soma Persuasion kabla ya safari, maana aliiandika yote hapa, na kabla hajaimaliza maradhi yalishaanza.

Alifariki Winchester, alikokwenda kutibiwa, tarehe 18 Julai 1817, akiwa na miaka 41, na amezikwa katika kanisa kuu la huko. Jiwe la kaburi lake halitaji riwaya hata moja. Tafuta bamba la shaba lililowekwa ukutani baadaye, ndilo linalotaja uandishi wake. Cassandra na mama yao wamezikwa Chawton, penye kanisa la St Nicholas, kwa hiyo wazuru kabla hujaondoka kijijini.