Mwanangu karudi na chenji: shule ya mtoto mwenye usonji isiishie kwenye kusoma na kuandika

Jumamosi iliyopita asubuhi mwanangu wa miaka kumi alitoka getini na buku mkononi, akaenda kwa mama wa vitumbua pale kona, nyumba nne kutoka kwetu hapa Tabata, akarudi na vitumbua vitatu na chenji ya 400 kaibana kiganjani mpaka imelowa jasho. Mimi nilikua nimejibanza nyuma ya geti namchungulia, nalia. Mwenye mtoto mwenye usonji (autism) ameshanielewa, sina haja ya kueleza.

Nikaweka status. Jioni mama mmoja wa Gongo la Mboto akaniandikia: dada, wangu ana miaka saba, shule wamesema la kwanza hataliweza, nimpeleke wapi? Nimemjibu, ila naandika na huku kwa sababu najua tuko wengi na wote tunataka kitu kimoja, watoto wetu wajitegemee siku sisi hatupo.

Nianze na kosa langu. Wa kwangu nilimpeleka shule ya kulipia, jina siliweki, majengo mazuri, basi la njano, nikaona nimemaliza kazi. Miaka miwili mwanangu alikaa dirishani na rangi za kuchorea. Kila muhula ripoti inakuja imeandikwa "anajitahidi", anajitahidi nini hakuna aliyeniambia. Akijikojolea napigiwa simu niko kazini Posta, nitoke nije kumbadilisha, na foleni ile ya Buguruni mnaijua wenyewe, nafika mtoto kakaa saa nzima na kaptula imelowa. Alafu siku ya mahafali nikaombwa abaki nyumbani asije akasumbua wageni. Yunifomu nilikua nimeshaipiga pasi. Mpaka leo nikiona watoto na majoho yao barabarani moyo unanichoma.

Na mimi nyumbani sikua bora. Kila usiku nilikua namkalisha na daftari, a e i o u, siku moja nikamchapa kwa sababu tatu anaigeuza. Mtoto ambaye hawezi kuniambia ana kiu mimi nampigania tarakimu. Nimeshamwomba msamaha, sijui alielewa kiasi gani ila nilimwomba.

Kilichobadilisha mambo ni kitengo cha mahitaji maalum kwenye shule ya msingi ya serikali. Nilienda kwa shingo upande kabisa. Mwalimu wake kasomea elimu maalum Patandi kule Arusha, na siku ya kwanza hakuniuliza kama mtoto anajua herufi. Aliuliza anakula nini na hali nini, sauti gani inamtisha, vifungo anafunga mwenyewe, akikasirika anatulizwaje, usiku analala saa ngapi. Akaandika yote. Akaniambia kila mtoto pale ana mpango wake peke yake na wa kwangu kwa muhula ule una mambo matatu tu: aende chooni na kunawa, aombe maji kwa kuonyesha picha, akae na wenzake dakika kumi. Moyoni nikasema sasa hii ni shule gani?

Kumbe ndio shule yenyewe. Ukutani kuna picha zimepangwa, kufika, kunawa, uji, kazi, kucheza, kurudi nyumbani, kwa sababu wengi wenye usonji wanashika zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa, neno likishasemwa limepotea ila picha bado ipo pale anarudi kuiangalia. Kengele ya shule ilikua inamfanya azibe masikio na kupiga kelele, mwalimu akawa anamwonyesha picha ya kengele kabla haijalia, basi. Hesabu alianzia kwenye sahani, watoto kumi na wawili sahani kumi na mbili, azigawe yeye. Wanamwagilia mchicha, wanapiga ngoma, wanarusha mpira, na vyote vinaandikwa kwenye mpango kama masomo mengine. Hela walianza na duka la darasani, baadae mwalimu akawa anawapeleka genge la ukweli. Katikati hapo siwachoshi, ni kurudia rudia mwaka na nusu, mpaka vitumbua.

Kwa iyo ushauri wangu, mzazi nenda ukakae shuleni. Usiishie ofisini kwa mwalimu mkuu, kaa darasani asubuhi mpaka wanatoka uone mtoto anafanya nini. Uliza mpango wa mtoto mmoja mmoja, waombe wakuonyeshe karatasi. Angalia choo. Angalia saa ya uji nani anajilisha na nani analishwa. KKK ni muhimu sikatai, lakini mtoto ni mwili, ni mdomo, ni hofu zake, ni marafiki, shule inayochukua kusoma, kuandika na kuhesabu na kuacha vingine imemchukua robo mtoto.

Na nyumbani mfuate picha zilezile za shuleni, msiharibu. Kina baba nanyi mje vikao, sio mnatuma nauli tu! Shule za msingi za serikali hazina ada, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa huyu mtoto haki ya kusoma kama wengine, kwa iyo ukiambiwa "hatuna uwezo naye" usiinamishe kichwa, uliza kitengo kiko wapi. Wanaoniuliza kuhusu mtihani, NECTA, yani Baraza la Mitihani, wanawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Ila jamani mtoto wa miaka saba asiyejua kuomba maji, mtihani wa nini sasa hivi? Nenda ukakae darasani kwanza, nalisema tena.

Huyo mama wa Gongo la Mboto tumekubaliana Jumatatu tukutane kituoni saa kumi na mbili na nusu, naenda nae shuleni, nimeshaongea na mwalimu. Kasema aje na mtoto, na chakula anachokipenda mtoto.