Mwanangu, kilichotangulia ni tundu la sindano

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema umeona mvi juu ya sikio la kushoto, si moja tena bali kishungi kizima, na kwamba siku hizi simu unaisogeza mbali na uso ndipo maandishi yatulie. Halafu ukaniuliza, kwa maneno haya haya: "Mama, ulipokuwa na umri wangu mwili ulianza kukuambia nini, na mbona hukuwahi kutuambia?"

Ni maswali mawili hayo. Naanza na la kwanza, maana ndilo jepesi.

Kwangu mvi haikutangulia. Ilitangulia sindano. Nilikuwa na miaka 42, wewe una 14, na kifungo cha shati lako la shule kilikuwa kimeng'oka. Nikalamba ncha ya uzi, nikaisokota kwa vidole, nikalenga. Uzi ukapita pembeni. Nikalamba tena, nikasogea chini ya taa. Tundu nililiona kama ukungu, na kila nilipoleta sindano karibu ndivyo lilivyozidi kupotea. Mara ya sita au ya saba ukanyoosha mkono, ukachukua sindano na uzi, ukatunga mara moja tu, ukanirudishia bila kusema neno, ukainamia daftari lako. Nikasema taa ile ni mbovu. Taa haikuwa na kasoro yoyote.

Ndani ya jicho mna lenzi laini inayobadili umbo ili tuweze kuona vya karibu. Inakakamaa polepole tangu ujana, ila wengi wetu tunakuja kugundua baada ya miaka 40. Miwani ya kusomea haiharibu macho, na kujikaza kusoma bila miwani hakuyaimarishi. Mimi nilijikaza miaka mitatu, kila jioni kichwa kinagonga. Nunua miwani, mama. Lakini kapimwe macho kwanza, kwa sababu presha ya macho nayo hupenda kunyemelea kuanzia umri huo, na mara nyingi haiumi, unashtuka tu imekwisha kukuibia sehemu ya kuona.

Mvi zenyewe hazina mengi. Kwenye shina la unywele kuna chembe zinazotengeneza rangi. Zikiisha, unywele unaota mweupe. Kung'oa moja hakuleti kumi kama tulivyoambiwa tukiwa wasichana. Kunaleta ile ile, kutoka shina lile lile, na ukiendelea kung'oa shina linaweza kufa kabisa ukabaki na upara mahali hapo. Nilipaka rangi miaka tisa na sijutii hata mwaka mmoja. Niliacha kwa sababu ngozi ya kichwa ilianza kuwasha na kuvimba. Ukitaka kupaka, jaribu kidogo nyuma ya sikio, usubiri siku mbili uone ngozi inasemaje. Na asikuaibishe mtu, awe anayekwambia upake au anayekwambia uache.

Uso ulinisumbua zaidi. Nilikuwa nikisimama mbele ya kioo, naweka vidole viwili shavuni, navuta ngozi kuelekea sikioni, naitazama, kisha naiachia. Nilifanya hivyo asubuhi nyingi, mlango nimefunga. Baadaye nilikuja kujua kwamba makunyanzi mengi na yale madoa ya mikononi ni kazi ya jua la miaka yote iliyopita, na kwamba homoni ya estrojeni inapopungua, ngozi hupoteza haraka ile nyuzi iitwayo kolajeni inayoishikilia. Kujua kulinisaidia kidogo. Bado niliumia. Nakwambia hivi kwa makusudi, kwa sababu utakutana na watu watakaokwambia kwamba mwanamke mwenye akili zake haumii kwa mambo ya sura. Nina akili zangu, na niliumia.

Sasa swali lako la pili.

Unaukumbuka ule usiku ulioniona nimekaa sakafuni chini ya dirisha? Ulikuwa na miaka 19, umerudi nyumbani likizo. Ulitoka kwenda kunywa maji ukanikuta gizani, dirisha wazi, gauni la kulalia limenigandia mgongoni. Ukachuchumaa ukaniuliza, "Mama, unalia?" Nikakujibu ndiyo, nimemkumbuka babu yako.

Mwanangu, sikuwa nalia. Lilikuwa jasho. Lilianzia kifuani kama mtu amefungua mlango wa tanuri ndani yangu, likapanda shingoni, likafika mpaka kwenye nywele, na dakika chache baadaye nikaanza kutetemeka kwa baridi. Lilikuwa likinijia mara tatu au nne kwa usiku. Niliona ni afadhali uamini nina majonzi kuliko ujue hedhi yangu imeanza kuelekea ukingoni. Ukakaa na mimi pale sakafuni, ukanishika mkono kwa ajili ya msiba ambao haukuwapo. Nimelibeba hilo miaka 22.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu mama yangu hakuniambia kitu. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mpole kupita watu wote niliowajua. Ila mambo ya mwili yalikuwa yakiishia mlangoni mwa chumba chake. Hedhi yangu ya kwanza nilielezwa kwa sentensi mbili. Kuhusu kukoma kwake sikusikia hata moja. Kwa hiyo yaliponifika, nilidhani nina ugonjwa ambao hauna jina. Usingizi ulipotea. Nikawa nasahau maneno katikati ya mazungumzo, najikuta nimesimama jikoni sijui nimefuata nini. Nikawakaripia ninyi kwa vitu vidogo, kisha najifungia bafuni kwa aibu. Nilifikiri akili inaniacha. Hakuna aliyeniambia kwamba kipindi hicho cha kuelekea kukoma hedhi kinaweza kuchukua miaka kadhaa, kwamba homoni hazishuki kama mtu anayeteremka ngazi bali hupanda na kushuka ovyo, na kwamba usingizi, hasira na usahaulifu vyote vinaweza kutokana na hapo.

Nilipojikaza kwenda kwa daktari, mwaka ulikuwa 2003, na saa ilikuwa mbaya. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mkubwa wa wanawake nchini Marekani ulikuwa umesimamisha sehemu yake moja mapema, baada ya kuonekana kwamba mchanganyiko wa homoni mbili, estrojeni na projestini, ambao pia ni dawa ya kutuliza taabu za kukoma hedhi, uliwaongezea waliopewa saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda kwenye mishipa. Madaktari wakaogopa, wanawake wakaogopa. Nikaambiwa nivumilie. Ikachukua muda watu kuangalia vizuri kwamba wanawake wale kwa wastani walikuwa na miaka 63, yaani wengi walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Leo ushauri ni tofauti: kwa wengi wanaosumbuliwa sana, walio chini ya miaka 60 au ambao hedhi yao haijamaliza miaka 10 tangu ikome, faida ya dawa hiyo ya homoni mara nyingi inazidi hatari. Si kwa wote. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au kupata damu iliyoganda, ana mazungumzo mengine na daktari wake. Ninachokuomba ni kimoja: ukifika hapo, usikubali kuambiwa "vumilia" kama vile hilo ni jibu. Uliza kuna nini cha kufanya. Mimi sikuuliza.

Hedhi yangu ya mwisho niliipata nikiwa na miaka 51. Andika namba hiyo mahali. Haikuhakikishii kitu, lakini umri wa mama kukoma hedhi ni dokezo zuri la umri wa binti, na wewe huvuti sigara, ambayo huiwahisha. Na ujue kwamba haihesabiwi imekoma mpaka itimie miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia, hata kama umepitisha miezi mitano ukaamini mambo yamekwisha.

Hapa kuna jambo ambalo hata dada zangu hawalijui. Nikiwa na miaka 54, miaka mitatu tangu hedhi ikome, nilikuta doa la damu kwenye nguo yangu ya ndani. Dogo, la rangi ya kutu. Nikaifua usiku ule ule. Wiki iliyofuata likarudi. Nikafua tena. Nilikaa na siri hiyo wiki saba, nikila nanyi, nikicheka nanyi, nikihesabu kimoyomoyo ni nani angebaki na nani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu utoto na bado nilificha. Nilipokwenda, walinipima kwa mashine ya mawimbi, wakachukua kipande kidogo cha utando wa mfuko wa uzazi wakakichunguza. Kilikuwa ni kinyama tu, kisicho na saratani, wakakitoa. Wengi wanaotoka damu baada ya kukoma hedhi hukutwa na kitu cha namna hiyo, au utando uliokonda. Lakini baadhi ni saratani, na ikikamatwa mapema inatibika vizuri. Kwa hiyo damu baada ya kukoma hedhi, hata tone, hata ya siku moja, haingoji wiki saba. Haingoji hata moja.

Na mifupa. Unamkumbuka bibi yako alivyokuwa ameinama? Sote tulidhani ni uzee tu, kwamba wazee huinama. Ulikuwa ni uti wa mgongo unabonyea, pingili moja baada ya nyingine, kwa sababu mifupa ilikuwa imekuwa na matundu kama sifongo. Alipovunjika nyonga tulisema alianguka vibaya. Hakuanguka vibaya. Aliteleza kama ninavyoteleza mimi na wewe, ila mfupa haukuwa na nguvu ya kustahimili. Miaka michache ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ndiyo mifupa ya mwanamke hupungua kwa kasi zaidi, na wala huhisi lolote. Mimi nilitambua nilipovunjika kifundo cha mkono nikiwa na miaka 58, kwa kuanguka nikiwa nimesimama tu. Mfupa unaovunjika kwa kuanguka namna hiyo ni wa kutiliwa shaka, na hapo ndipo nilipopimwa uimara wa mifupa nikaanzishiwa dawa. Daktari alipoandika historia yangu aliuliza kama mama au baba aliwahi kuvunjika nyonga. Wewe nawe ukiulizwa, useme bibi alivunjika. Ni ya kwenye damu yetu.

Nakusihi uanze sasa, ukiwa na miaka 41, kubeba vitu vizito. Sisemi kwa mfano, nasema vyuma, ndoo, ngazi, chochote kinachoulazimisha mwili kusukuma na kuinua. Misuli hupungua kila muongo tukiiacha, na mifupa inafuata misuli. Kila asubuhi mimi huinuka kwenye kiti mara ishirini bila kushika kitu. Nilipoanza nilifika mara sita.

Kuna mengine sitayarefusha. Bega la kulia liliganda nikiwa na miaka 53, nikashindwa kufunga sidiria kwa karibu mwaka mzima, likafunguka lenyewe taratibu pamoja na mazoezi. Unywele mgumu ulianza kuota kidevuni; niliugundua kwa kidole katikati ya kikao na sikusikia tena neno lililosemwa siku hiyo. Mkojo ukawa unachuruzika nikikohoa, na kwa hilo kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kwa chini, yanasaidia kweli ukiyafanya kila siku kwa miezi, tena mtaalamu akikuelekeza vizuri. Ukavu ukeni nao una dawa yake, ya kupaka, na hakuna sababu ya kuvumilia maumivu kwenye ndoa yako kwa kudhani ndivyo ilivyo. Hilo nimeliandika nikiwa nimefumba jicho moja, lakini nimeliandika.

Sasa nami nina swali. Mwishoni kabisa mwa barua yako, chini ya salamu za watoto, uliandika kwa mstari mmoja kwamba hedhi imekuwa nzito tangu mwaka jana, na kwamba usiku moyo unakudunda mpaka unaamka. Uliliandika kama mtu anayetaja hali ya hewa. Najua uandishi huo, ni wangu. Inawezekana ni homoni zinaanza kuyumba, na umri wako unaruhusu. Lakini hedhi nzito humaliza damu, na damu ikipungua moyo hudunda. Tezi ya shingoni ikiharibika nayo inaweza kufanya hivyo hivyo. Kipimo cha damu kinajibu yote mawili asubuhi moja. Unabadilisha pedi mara ngapi kwa siku? Unapanda ngazi bila kuhema? Umekwenda kupima, au unafua usiku?

Nijibu hayo kwanza, kabla ya habari nyingine yoyote. Simu yangu iko wazi usiku pia; bado naamka.

Mama yako