Jibu: Wayunani wa kwenye Biblia ndo Wagiriki hawahawa?

Mkuu umeuliza kama Wayunani ndo Wagiriki wa leo na ni watu wa namna gani. Ni walewale, Yunani ni jina lililotujia kwa Waarabu na Mgiriki kwa Wazungu, wenyewe hawatumii hata moja, wanajiita Ellines na nchi yao Ellada.

Wako kama milioni 10, nchi milima mitupu na visiwa vya kumwaga ndo maana toka enzi ni watu wa meli. Mturuki aliwatawala karibu miaka 400, vita ya uhuru ikaanza 1821.

Dini ni Orthodox, na Pasaka yao usipime, usiku wa manane kanisani taa zinazimwa, padri anatoka na mshumaa mmoja, watu wanawashiana mpaka uwanja mzima unawaka, wakirudi home wanagonganisha mayai mekundu, lako lisipopasuka basi bahati ni yako mwaka mzima.

Kitakachokuchanganya ni lugha: ndiyo wanasema "ne", hapana ni "ohi" ambayo kwa sikio letu ni kama okei vile, tena wengine hata hawaongei, wananyanyua nyusi na kurusha kichwa nyuma kidogo, ulimi unalia "ts", utadhani umedharauliwa kumbe umejibiwa tu.

Halafu hawa si wageni kwetu, mashamba mengi ya mkonge na kahawa Tanganyika yalikuwa ya kwao, wengi waliondoka baada ya mashamba kutaifishwa, ila Arusha kanisa lao lipo mpaka leo.