Kwa wadogo zangu mliokabidhiwa mwongozo wa sororiti

Wadogo zangu, nasikia baadhi yenu mmeingia kwenye kamati za mafunzo na maadili za matawi yenu huku Marekani, na kazi ya kwanza mliyopewa ni kuupitia upya mwongozo. Hongereni, na poleni na kazi. Mimi nilipewa kazi hiyohiyo nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Leo ni mshauri wa tawi, na mwongozo mmoja nimeshauandika upya mara tatu. Kwa ambao mko nyumbani: sororiti ni chama cha wasichana wa chuo chenye matawi nchi nzima, na aliyeingia hubaki mwanachama hata akishakuwa bibi wa wajukuu.

Nilikosea tangu mwanzo, maana nilianza kwa kuandika. Wiki mbili nzima nilipanga vifungu vya mahudhurio, mavazi, alama za masomo na faini. Kikao kilikuwa Jumapili saa moja jioni, na asiyefika alilipa dola 20. Tulikuwa na mwanachama mpya, binti mpole, aliyekuwa akifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu yake ilianza Jumapili hiyohiyo. Akatozwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara mhazini alilisoma jina lake mbele ya watu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika kwamba majina yasomwe. Asubuhi moja nikakuta bahasha imepitishwa chini ya mlango wangu. Ndani mna beji yake na noti tatu za dola ishirini ishirini, zimekunjwa hadi zikawa vidogo kama hirizi. Hakuandika hata neno moja. Pesa nilimrudishia, akazipokea. Beji hakuitaka.

Tangu siku ile, kila kifungu nakiuliza kwanza: kitambana nani? Sasa anayefanya kazi hutuletea ratiba yake mwanzoni mwa muhula, nasi tunakubaliana naye atachangia kwa njia gani nyingine. Majina hayasomwi tena. Mtu akikiuka kanuni anaitwa faraghani, anakaa na watu wawili tu, na swali la kwanza ni kama yuko salama.

Kwenye mafunzo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi zinapopotea. Tunayaita mafunzo ya wanachama wapya, tukafikiri wenye haja ya kufunzwa ni wapya peke yao. Mliosoma bweni mnajua mambo ya njuka. Hakuna mtoto wa kidato cha kwanza anayejinyanyasa. Ananyanyaswa na aliyemtangulia, ambaye naye alifanyiwa vivyo hivyo. Mwaka 1990 baraza linalounganisha vyama vya wanafunzi weusi, lililoundwa mwaka 1930, lilipiga marufuku ule utaratibu wa zamani wa kuwapitisha wapya kwenye majaribio ya wiki nyingi. Karatasi ilibadilika, lakini majaribio yenyewe katika matawi mengi yalihamia gizani, kwa kuwa waliokuwa wameyapitia waliona kwamba asiyepitia hakuingia kihalali.

Kwa hiyo anzeni na wakubwa, pamoja na waliokwisha kumaliza chuo. Wakae darasa moja na wapya, kila mwaka. Wasomeeni sheria ya nchi nzima iliyosainiwa Desemba 2024, inayovitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya unyanyasaji wa aina hii. Mkifika pale inaposema kwamba kuridhia kwa anayefanyiwa hakubadilishi kosa, someni polepole, kisha rudieni. Nimewaona dada wa miaka ishirini uanachamani wakiinamisha vichwa hapo.

Kukariri majina ya waasisi nimekupunguza hadi kipindi kimoja. Muda uliobaki tunafundisha kusoma bajeti ya tawi, kumhudumia mwenzako aliyelewa na kuzimia, na kumkatalia mtu unayempenda. Hilo la mwisho tunalifanyia mazoezi wawili wawili, kwa sauti.

Historia msiitupe, ila ifundisheni kwa matendo. Waasisi wa Delta Sigma Theta, sororiti ya wasichana weusi, waliandamana Washington tarehe 3 Machi 1913 kudai kura ya wanawake, chama chao hakijatimiza hata miezi miwili. Alpha Kappa Alpha, sororiti nyingine ya wasichana weusi iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, ilikwenda Mississippi mwaka 1934 kuwafundisha walimu wa vijijini. Walipofika wakaona watu wanaumwa, wakageuza mpango: kuanzia 1935 hadi 1942 walirudi kila kiangazi na kliniki, wakiongozwa na Dkt. Dorothy Boulding Ferebee. Wenye mashamba walipowazuia wakulima wao kwenda kliniki, wale akina mama walipakia dawa na chanjo kwenye magari yao wakawafuata mashambani.

Mnaona walivyofanya? Waliacha mpango wao, wakafuata haja iliyokuwa mbele yao. Mimi sikufanya hivyo. Mwaka mmoja tulipeleka mabegi ya shule kwenye shule jirani, tukapiga picha. Mwalimu alitushukuru sana, kisha akanifungulia stoo: mabegi ya misaada iliyotangulia yalikuwa yamefika darini, mengine bado yamo kwenye nailoni. Nikamuuliza alichokuwa anahitaji. Akasema, watu wazima wanne, kila Alhamisi saa tisa, wakae na watoto wa darasa la pili wasome nao, na wasikose kuja. Hatukuwahi kuulizwa jambo gumu kiasi kile. Sasa huo ndio mradi wetu, na ndiyo sababu Alhamisi hatupangi kikao chochote.

Pesa kwa ufupi: ada za wanachama na michango ya hisani zisikae akaunti moja. Sororiti kwa kawaida huhesabiwa na serikali kuwa klabu ya kijamii, kwa hiyo anayeichangia hapati nafuu ya kodi. Vyama vingi vikubwa vina wakfu wa pembeni kwa ajili hiyo. Mwambieni mchangiaji ukweli kabla hajatoa.

Na pembeni ya kila kifungu andikeni sababu yake na tarehe ya kukipitia tena. Kile cha faini nilipoulizwa kilitoka wapi, sikuwa na jibu zaidi ya kwamba nilikikuta. Rasimu ikikamilika, mpeni kwanza msichana aliyeingia muhula huu. Aisome peke yake, ninyi msiwepo, na mumpe kalamu nyekundu.