Wasomaji Wauliza: Sarafu za Warumi

SWALI: Assalaam alaykum. Mjomba ameuziwa sarafu tano za fedha ufuoni, shilingi 3,000 kila moja. Ati ni za mfalme Trajan wa Rumi, wavuvi wamezinasa baharini. Zang'aa mno. Je, ni za kweli? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Wa alaykumu salaam. Huko kung'aa ndiko kunakotutia shaka. Fedha iliyolala chumvini karne nyingi hutoka nyeusi au kijivu, imegandwa na mchanga. Haitoki kama kikuku cha bibi arusi.

Zipangeni zote tano kwenye kitambaa, uso wa mfalme juu. Sarafu za Rumi zilipigwa moja moja kwa mkono: kipande cha fedha baina ya mihuri miwili, kisha nyundo. Kwa hiyo hata mbili za muhuri mmoja hazifanani ukingo. Hii ina ufa, ile picha imekwenda pembeni. Zenu zikiwa na pengo lile lile pahali pale pale, zimesubiwa katika kalibu moja, na uchunguzi umekwisha.

Zikitofautiana, nendeni kwa sonara. Kwa lenzi ya mara 10 tafuteni vitundu vya hewa, herufi zilizolainika kama za sabuni iliyotumika, na alama za tupa kuzunguka ukingo. Dinari ya Trajan huwa na gramu 3 hadi 3.5 na upana wa milimita 18 au 19. Kisha wekeni kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, irudisheni kwenye sifuri, mning'inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa tu: sarafu ya gramu 3.3 yenye fedha nzuri itasoma karibu 0.32. Ikisoma 0.45, ni bati au zinki. Ikiwa kama 0.36, huenda ndani ni shaba iliyovikwa fedha, na hapo msiitupe upesi: Rumi nayo ilikuwa na walaghai wake, na ghushi za zama zile zina wakusanyaji wake.

SWALI: Nataka kukusanya kwa njia ya halali. Nianze na zipi? Na nikiokota moja shambani je? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

JIBU: Acha sarafu za fedha kwanza. Anza na shaba ndogo za karne ya 4, za mfalme Konstantino wa Rumi na wanawe. Nyingi hupatikana kwa chini ya dola 30. Iliyo rahisi kuisoma ni ile ya askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Zenye bendera mbili katikati ni za 330 hadi 335 hivi. Baadaye ikabaki moja. Chini ya miguu yao pana herufi za kiwanda kilichoipiga: SMAN ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria, CONS ni Konstantinopoli.

Muuzaji akupe uzito, upana, picha za pande zote mbili za sarafu ile ile utakayoipokea, risiti, na maandishi ya iliuzwa wapi kabla. Akubali pia kurudishiwa ikibainika ni ghushi. Mafungu ya "hazijasafishwa" yaache. Nzuri zimekwisha kuchaguliwa, na asili yake haijulikani.

Ya shambani ni habari nyingine. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale. Ukikigundua, toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, ueleze pahali hasa. Usikioshe. Sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, iliyotangazwa 2013 kuwa imepatikana kisiwani Manda, ina maana kwa sababu walioichimbua walijua ilipolala. Zile za Bur Gao, kusini mwa Somalia, zilizodaiwa kuonekana 1912 zikiwemo za Rumi, wataalamu wanazitilia shaka hadi leo kwa kukosa ushahidi huo.

SWALI: Shaba yangu imetoka unga wa kijani. Niisugue kwa ndimu? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Ndimu na ukwaju ni za sinia. Kwenye sarafu hula ngozi yake yote, na thamani huenda nayo. Kijani kigumu, chenye uso laini, kiache. Unga mwepesi unaopukutika ndio maradhi: chumvi iliyo ndani ya shaba ikikutana na unyevu, na Lamu hatuukosi. Itenge na zenzake, ukwangue unga kwa kijiti cha meno, uiloweke katika maji yaliyokenekwa (distilled), ukibadilisha kila siku kwa wiki kadhaa. Maji ya betri yafaa, yale ya kuongezea. Soma kibandiko vizuri, maana chupa ya asidi hufanana nayo. Ikauke kabisa, kisha iweke katika kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Unga ukirudi, anza upya. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu usitumie. Hutoa ute wa kijani wa namna yake.