Mota za Hatua Zikiwa Nyingi: Kagua Kwanza Zinachogawana

Mota moja ya hatua (stepper, inayozunguka kipande kidogo kwa kila pigo la umeme) haimsumbui mtu. Ukishaiunganisha na draiva yake, yaani bodi ndogo inayolisha koili zake umeme, na kuipelekea mapigo kutoka kwenye Arduino, bodi ndogo yenye mikrokontrola, inazunguka na kusimama pale unapotaka, na ni rahisi kudhani kwamba kuongeza ya pili na ya tatu ni kurudia tu kazi ileile. Katika mashine nilizounda, za kuchora kwenye karatasi na za kuchonga mbao, matatizo yaliyonichukulia muda mwingi hayakutoka kwenye mota yoyote peke yake, bali kwenye vitu ambavyo mota zote zinagawana: umeme, waya wa graundi (njia ya umeme kurudi) na muda wa prosesa. Ndiyo maana humshauri anayeanza mradi wa mota tatu au nne avikague vitu hivyo kabla hajafikiria kununua mota kubwa zaidi.

Nianze na umeme. Wengi huchukua ampea zilizoandikwa kwenye kila mota, wakazijumlisha, kisha wakatafuta pawasaplai ya kiasi hicho. Kwa draiva kama A4988 na DRV8825, ambazo hukatakata umeme kwa kasi ili kudhibiti mkondo wa kwenye koili, hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu mkondo wa kwenye koili si sawa na ule unaotoka kwenye pawasaplai. Kinachopaswa kujumlishwa ni wati. Mota yenye koili mbili za omu 2, kila moja ikipitisha ampea 1.5, hupoteza wati 9 kama joto, na wati hizo katika volti 24 hazifiki hata nusu ampea. Mota tatu za namna hiyo zitahitaji wati 27 zikiwa zimesimama, na juu yake kuna kazi ya kusukuma mzigo pamoja na upotevu wa ndani ya draiva, kwa hiyo mimi huchagua pawasaplai yenye uwezo usiopungua mara mbili ya jumla hiyo. Napendelea pia volti 24 kuliko 12, kwa kuwa koili hupinga mabadiliko ya mkondo, na mota inapokwenda kasi, volti ndogo haiwahi kuujaza mkondo kabla hatua inayofuata haijafika, ndipo nguvu ya kuzungusha inapopungua.

Karibu na kila draiva, si mahali pamoja tu kwenye bodi, weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya VMOT (pini inayopokea umeme wa mota) na graundi, yenye kuhimili volti 35 au zaidi. Waya mrefu wa pawasaplai unaweza kuzalisha mruko wa volti pale umeme unapowashwa, na A4988 ina ukomo wa volti 35. Kwa sababu hiyohiyo ya kulinda draiva, usichomoe wala kuchomeka waya za mota umeme ukiwa umewaka.

Kurekebisha ukomo wa mkondo kunahitaji uangalifu zaidi pale draiva zinapokuwa nyingi, kwa sababu huenda zisiwe zimetoka kwa mtengenezaji mmoja. Kwenye A4988, volti ya Vref (volti ya rejea, inayorekebishwa kwa skrubu ndogo ya draiva) ni sawa na mara 8 ya mkondo unaoutaka, ukizidisha na ukinzani wa resista ndogo zilizo kando ya chipu. Zikague kwa kioo cha kukuza kabla ya kugusa bisibisi: zikiandikwa R100 (yaani omu 0.100), ampea 1 inahitaji volti 0.8, zikiandikwa R068 inahitaji takriban volti 0.54, zikiandikwa R050 inahitaji volti 0.4. Anayeweka volti 0.8 kwenye draiva zote bila kuangalia anaweza kuwa anaipa mota mojawapo ampea 2, kisha akashangaa kwa nini hiyo pekee inaungua mkono.

Kuhusu graundi sina mengi. Graundi ya mikrokontrola na ya draiva lazima ziungane, ila mkondo mkubwa wa mota usipitishwe kwenye waya mwembamba unaobeba mapigo, na kila draiva iwe na waya wake wa kurudi kwenye pawasaplai.

Sasa muda wa prosesa, jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko yote. Mota ya kawaida ya NEMA 17 (jina la kipimo cha uso wa mota) ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukigawa kila hatua mara 16, unahitaji mapigo 3,200 kwa mzunguko mmoja, na kwa mizunguko 5 kila sekunde unahitaji mapigo 16,000. Mota tatu zitadai 48,000. Arduino Uno yenye kasi ya megaheti 16 inabakiwa na midundo ya saa ya prosesa (clock cycles) isiyozidi 333 kwa kila pigo, wakati AccelStepper, maktaba ya programu inayopendwa sana kwa kuendesha mota hizi, kwenye bodi hiyo, hufikia takriban hatua 4,000 tu kwa sekunde kwa uhakika. Hapo mota zitakwama au kunguruma hata kama umeme ni safi kabisa. Punguza mgawanyo wa hatua hadi mara 4 pamoja na kasi ya mota, ondoa maandishi yanayotumwa kwenye kompyuta wakati wa mwendo, au hamia kwenye Grbl, programu ya Arduino ya kuendesha mashine za namna hii, ambayo huzalisha mapigo kwa taima za chipu na kufika takriban 30,000 kwa sekunde kwa kila mota.

Ikiwa mota mbili zinapaswa kuanza na kumaliza pamoja, usizipe kila moja hesabu yake ya kasi ukitumaini zitakutana. Tumia mbinu ambayo Jack Bresenham aliibuni mwaka 1962 kwa ajili ya mashine za kuchora. Tuseme mota ya kwanza ina hatua 300 na ya pili 120. Kila ya kwanza inapopiga hatua, ongeza 120 kwenye kihesabio. Kikifika au kupita 300, ya pili nayo ipige hatua, nawe utoe 300. Utaona 120, 240, 360 inayobaki 60, halafu 180, na 300 inayobaki sifuri: hatua tano kwa mbili, bila desimali wala kugawanya, hesabu ambayo chipu ndogo inaimudu kirahisi.

Mashine ikianza kupoteza hatua mota zote zinapokwenda pamoja, kuna jaribio ambalo hulifanya kabla ya kubadilisha kifaa chochote. Iache programu izalishe mapigo ya mota zote kama kawaida, lakini zizime draiva zote isipokuwa moja kupitia pini ya EN (ya kuwasha na kuzima) ya kila draiva, ukiwa umeegemeza kwanza mhimili wowote unaoweza kuanguka kwa uzito wake. Mota iliyobaki ikiendelea kupoteza hatua, elekeza macho kwenye programu, maana prosesa bado inabeba kazi ileile ya mwanzo. Ikitulia, washa nyingine moja baada ya moja huku multimita ikiwa kwenye VMOT, kisha fuatilia mahali volti inapoanza kushuka.